Daraja Nililoliahidi Bila Kujua

Siku yangu ya kwanza kazini niliimaliza nikijifunza kufunga kamba, ingawa si kwa kazi hiyo nilikuwa nimeajiriwa. Niliajiriwa kuwa mkalimani, enterpreti kama tunavyosema kwetu Kivu, katika ofisi ndogo ya shirika la wageni kule Bweremana, kando ya Ziwa Kivu. Shirika lile liliwasaidia wavuvi kukausha na kuuza sambaza, vile visamaki vidogo ambavyo kila jiko la huku linavijua. Wakubwa wa ofisi walisema Kiingereza. Wavuvi walisema Kiswahili, na baadhi ya wazee Kihavu. Mimi niliwekwa katikati.

Kiingereza changu nilikipata Uganda. Baba yangu, mkulima wa vilima vya Masisi, alikwenda huko kufanya kazi katika mashamba ya chai nikiwa mdogo, nasi tukamfuata. Nilisoma mpaka sekondari, kisha tukarudi nyumbani. Kilikuwa Kiingereza cha ubaoni, ambacho kila neno lina maana moja na limekaa mahali pake kama mwanafunzi kwenye dawati. Nilidhani hicho ndicho Kiingereza chote.

Asubuhi ile Mratibu wa ofisi, mama mrefu mwenye nywele nyeupe, alinipa mkono, akaniambia: "Today, just learn the ropes." Leo, jifunze kamba tu. Kisha akaingia mkutanoni na kufunga mlango.

Nikatazama huku na huku. Ofisini hapakuwa na kamba hata moja. Lakini ziwa lilikuwa hapo chini, na ufukoni wavuvi walikuwa wamekaa wakishona nyavu zao. Nikateremka. Nikamkuta mzee mmoja, Papa Bahati, nikamwambia nimetumwa nijifunze kamba.

"Nani alikutuma?"

"Mama mukubwa wa ku buro."

"Anataka ujue kamba gani? Ya wavu, ao ya mutumbwi?"

"Hakusema. Nafikiri zote."

Papa Bahati hakuuliza tena. Alinifundisha fundo la kufungia mtumbwi, fundo la kuunganisha kamba mbili zisizolingana unene, na lile la kukaza miti mirefu inayoshikanisha mitumbwi mitatu iende pamoja. Nilikuwa mzito wa mikono, naye alikuwa na subira. Mchana nilirudi ofisini vidole vikiwa vyekundu na kitenge kimelowa mpaka magotini. Mratibu akaniuliza nilikuwa wapi. Nikamjibu kwa Kiingereza changu safi kwamba nimejifunza kamba, zimebaki chache.

Hakucheka, na kwa hilo ninamheshimu mpaka leo. Alinikalisha, akanieleza kwamba zamani, katika meli za matanga, baharia mgeni alipaswa kwanza kujua kamba ipi inavuta tanga lipi. Maneno yale yakahama melini, yakaingia maofisini, na sasa kujifunza kamba ni kuizoea kazi mpya.

"Lugha yetu imejaa vitu kama hivyo," alisema. "Ukisikia neno ambalo halina kazi mahali lilipo, usilibebe. Nisimamishe, uniulize."

Kuanzia siku ile nilishikwa na hamu ambayo haijaniacha. Nilinunua daftari, nikawa naandika upande mmoja maneno wanayosema na upande wa pili wanachotaka kusema. Kipande cha keki, kumbe ni kazi nyepesi. Mtu mwenye miguu ya baridi ameingiwa na woga jambo likiwa limekaribia. Aliyemwaga maharage ametoa siri. Hilo la maharage lilinichukua muda kulikubali. Kwetu Masisi mtu akimwaga maharage ni hasara, na wanaofurahi ni kuku. Nilimuuliza Mratibu kwa nini maharage yawe siri. Alifikiri sana, akasema hajui, na kwamba hakuwahi kuulizwa.

Mratibu ndiye aliyenifundisha pia sheria za kazi. Wengi hudhani mkalimani ni mtu anayejua lugha mbili, lakini kuna ufundi wake. Upo ukalimani wa zamu: msemaji anasema sentensi mbili tatu, ananyamaza, nawe unazitoa. Upo wa kunong'ona: unakaa nyuma ya bega la mtu mmoja na kumwambia taratibu yale ambayo mkutano unasema. Kwa yote mawili sheria ni zilezile. Usiongeze, usipunguze. Msemaji akisema "mimi", nawe sema "mimi", kwa sababu wewe hupo pale. Mkalimani hana "mimi" yake. Na usipoelewa, inua mkono, hata kama ni mbele ya gavana.

Sheria hii ya mwisho ndiyo niliyoivunja, na sababu hasa ya kuandika kumbukumbu hizi ni hiyo.

Baada ya miaka kadhaa Bweremana, ofisi ile ilifungwa, nami nikapata kazi kwenye mradi mwingine, wa barabara, katika Walikale. Mkubwa wangu sasa alikuwa Mhandisi Mkuu, Mwingereza mfupi aliyeunguzwa na jua, mwenye kutembea haraka na kusema haraka zaidi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na barabara ya kumaliza kabla ya mvua kubwa, basi. Nilipoinua mkono kuuliza, alikunja uso. Siku moja, mbele ya wafanyakazi, aliniambia: "Unanikatiza mno. Mkalimani mzuri ni kama bomba. Maji yanaingia huku, yanatokea kule." Wafanyakazi hawakuelewa maneno, lakini sauti waliielewa. Niliona haya. Nikaamua kuwa bomba.

Siku mbili baadaye tulifika kijiji cha Mpofi kuzungumza na wenyeji. Mkutano ulifanywa ndani ya kanisa, na mabenchi yalijaa mpaka mlangoni. Walikuwa wakulima wa ndizi na mihogo, wakamuaji wa mawese, na wawindaji waliokuja moja kwa moja kutoka msituni. Mhandisi akaeleza kwamba barabara itaanzia mbali, upande wa soko, na itachimbwa kuja mpaka kwenye mto ulio chini ya kijiji. Ndipo akasimama Mama Rejina, mkulima, mama wa makamo mwenye sauti ya chini.

"Muhandisi, aksanti kwa barabara," alisema. "Lakini iko ngambo ya muto. Muto ikijaa, ndizi yetu inaozea hapa. Mwaka ule binti yangu alizaa pale ku muto, chini ya mvua, tukiwa tunangoja maji ipunguke. Mutoto hakuishi. Sasa niko nauliza: muto tutaivuka namna gani?"

Nilimtafsiria Mhandisi, neno kwa neno, na binti na mtoto. Akatikisa kichwa polepole. Aliguswa, niliona. Kisha akasema: "We'll cross that bridge when we come to it."

Hilo halikuwa katika daftari langu. Nililisikia kwa mara ya kwanza pale. Tena halikufanana na yale mengine, maana yale yalijitangaza yenyewe. Keki haina kazi katika mkutano wa barabara, unajua mara moja kwamba kuna kitu. Lakini hapa mama ameuliza habari za mto, na mzungu amejibu habari za daraja. Neno lilikaa mahali pake kabisa. Hata hivyo kitu kilinigusa, kidogo tu, jinsi alivyolisema upesi na kuinua mabega. Mkono wangu ulitaka kuinuka. Nikakumbuka bomba, nikauacha gotini.

Nikasema kwa sauti: "Ile daraja, tutaivuka wakati tutafika pale."

Kanisa lote lilipiga makofi. Mama Rejina alikaa, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Mhandisi alishangaa kuona jibu dogo limepokelewa hivyo, akaniambia kwamba hawa ni watu wa kuridhika upesi. Tukavuka mto kwa miguu, tukapanda gari tuliloliacha ng'ambo, tukaondoka.

Kwa miezi iliyofuata tuliishi kwenye kambi ya kazi, mbali, upande wa soko. Barabara ilikuja taratibu: kufyeka, kuchimba mifereji, kulaza mabomba ya saruji ya kupitisha maji chini, kushindilia udongo. Sikurudi Mpofi hata mara moja. Habari zilizotufikia zilikuwa za mvua na za vipuri.

Tulipofika mtoni, Mhandisi na mimi tulitangulia kwa miguu. Kwenye ukingo wa pili tuliona kitu ambacho mwanzoni sikukielewa. Magogo makubwa ya mvule, yaliyopasuliwa kwa msumeno wa mkono, yalikuwa yamepangwa moja kando ya jingine, yakifunikwa kwa majani ya migomba yasipasuke na jua. Kando yake palikuwa na rundo la mawe lililofika kifuani mwa mtu. Na nyuma ya mawe, kijiji kizima kimesimama, na nguo zao za Jumapili.

Tulivuka ndani ya maji. Kapita, mkuu wa kijiji, alimshika Mhandisi mikono yote miwili.

"Muhandisi, karibu. Tulikuwa tunakungoja. Ulisema ukifika ku muto tutavuka daraja. Sasa umefika. Tulifanya salongo, kazi ya kijiji kizima, kila juma, kila nyumba ilitoa mutu. Miti njo hii, mawe njo haya. Utuambie tu tuanzie wapi."

Mhandisi alinigeukia. "Anasema nini? Daraja gani?"

Wakati huo ndipo nilipoelewa yote. Wote walikuwa wakinitazama mimi, kwa sababu siku zote humtazama mkalimani wakingoja.

Nataka ninyi mnaoanza kazi hii mjue jambo moja ambalo halifundishwi. Pale katikati, mkalimani ana nguvu kuliko wakubwa wote wawili. Ningeweza kumwambia Kapita kwamba mzungu amebadili nia, na wangemchukia yeye. Ningeweza kumwambia Mhandisi kwamba wanakijiji wameota ndoto zao, na angewadharau wao. Hakuna ambaye angejua. Niliyafikiria yote mawili, sitadanganya. Yalinipitia kichwani upesi, na yalikuwa mazuri kuyaona. Kisha macho yangu yakamwangukia Mama Rejina, aliyekuwa amesimama mbele na kikapu cha ndizi mbivu za kutukaribisha.

Nilimwambia Mhandisi kwanza, kwa Kiingereza: siku ile kanisani ulisema maneno ambayo sikuyajua, sikuuliza, niliwatafsiria kama ahadi ya daraja. Akaniambia maana yake, kisha nikawageukia watu.

"Wapapa na wamama," nilisema, "sasa Muhandisi hasemi. Iko nasema mimi, Feza. Ile siku mu kanisa Muhandisi hakuahidi daraja. Alisema maneno ya kwabo. Maana yake ni: ile mambo ya muto, tutaifikiria kisha. Sikujua, na sikuuliza. Kosa haiko ya Muhandisi, haiko ya Kapita. Iko yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kusema "mimi" kazini nikimaanisha mimi.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Mama Rejina aliweka kikapu chini.

"Mi niliuliza juu ya muto," alisema. "Yeye akajibu daraja. Unasema hakukuwa daraja?"

"Ndiyo, Mama."

"Mu luga yabo mutu anaweza kusema daraja na daraja haiko?"

"Anaweza, Mama."

Alinitazama si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kuona vizuri kitu kilicho mbali. "Basi ile luga iko na hatari," alisema.

Nilimtafsiria Mhandisi. Alivua kofia, akaishika mikononi. "Maneno haya nimeyasema maisha yangu yote," alinijibu, "na hata siku moja sikuliona daraja ndani yake." Kisha akaenda kwenye magogo, akayagonga kwa ngumi moja baada ya jingine, akainama kuyaangalia ncha. Alimuuliza Kapita nani aliyeyapasua. Kapita akamwonyesha wanaume wanne. Mhandisi akasema kwamba mbao kama zile hajaziona tangu afike nchini. Alipima mto siku ile na siku iliyofuata, akiingia majini mwenyewe mpaka kiunoni, halafu akapiga simu makao makuu kuomba ruhusa ya kujenga.

Jibu halikuwa lile tulilotaka. Daraja la malori lilikataliwa. Halikuwa sehemu ya mradi. Walikubali daraja la waenda kwa miguu na pikipiki, kwa misumari na nyaya zilizobaki kambini, ikiwa kijiji kitatoa mikono. Kijiji kiligawanyika. Wengine walimfokea Kapita hadharani kwamba aliwasukuma salongo kwa maneno ya hewa, na nyumba tatu zilichukua mbao zao na kuondoka nazo. Waliobaki walijenga kwa wiki tano. Nilikuwa pale kila siku, nikitafsiri vipimo, na hakuna neno nililoliacha lipite bila kuinua mkono. Mhandisi hakukunja uso tena.

Mama Rejina alivuka miongoni mwa wa kwanza, na mzigo wa ndizi mgongoni. Hakugeuka nyuma. Malori mpaka leo husimama ng'ambo, upande wa soko.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, ambalo Kapita aliniambia mwishoni kabisa. Wakati wa kuvuta magogo kutoka msituni, moja liliteleza mtelemkoni na kumvunja mguu mwanamume mmoja, Papa Deo, mwindaji. Mguu uliunga vibaya. Nilikwenda nyumbani kwake. Nilimkuta ameketi mlangoni, akisuka mtego wa nyama ambao hangeweza tena kuutega mbali. Nilimwambia mimi ni nani, nikamwomba msamaha.

Alisuka kwanza. Kisha akasema, "Mi si mutu wa kushika roho mubaya. Lakini nikuulize. Ile siku mu kanisa, ungeinua mukono, ungemuuliza Muhandisi ile neno iko nini, ingekamata wakati gani?"

"Kidogo tu, Papa."

"Tungengoja," alisema. "Sisi batu ya pori tunajua kungoja."

Nilikaa naye mpaka alipomaliza ule mtego, kisha nikaaga. Hakuniambia kwamba yamekwisha, na sikutegemea aniambie.

Mhandisi aliandika ripoti ya kweli. Kosa langu liliwekwa wazi, na mimi nikapewa barua ya onyo. Katika aya iliyofuata aliandika kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenikataza kumkatiza, na kwamba asilaumiwe mkalimani peke yake. Alinisomea kabla ya kuituma, akaniuliza kama kuna neno lolote ambalo si sawa. Mkataba wangu kule ulipoisha haukuendelezwa. Nilikaa nyumbani Masisi miezi mingi nikilima na mume wangu, nikiamini kwamba nimemaliza na Kiingereza.

Kilichonitoa shambani ni haja ya watu. Kashuga kulikuwa kumejaa wakimbizi wa vita, na timu ya waganga wa kigeni ilikuwa imefika bila mkalimani. Mkuu wao, Daktari, alikuwa kijana mwenye miwani na macho ya kukosa usingizi. Siku ya kwanza nilimwambia mapema: "Nitakukatiza. Kama hutaki, tafuta mwingine." Akasema hana mwingine.

Wiki ile ile aliletwa mtoto wa kike wa miaka minne, mwenye malaria iliyopanda kichwani. Mama yake aliitwa Mama Solange. Walikuwa wametembea kutoka upande wa Walikale, siku nyingi chini ya miti, na njiani walipotezana na baba na kaka mkubwa wa mtoto. Siku ya tatu mtoto alifungua macho na kuomba maji. Daktari alimpima, akatabasamu kidogo, akaniambia: "Tell her she's not out of the woods yet."

Bado hajatoka msituni. Mama Solange alikuwa ameshaanza kunitazama mdomo.

Niliinua mkono. "Daktari, sema tena bila msitu."

"Nini?"

"Hilo neno la msitu. Liseme kwa njia nyingine."

Alikuwa amechoka, na alikuwa na wagonjwa wengine wakingoja. "Kila mtu anajua maana yake."

"Mimi naijua, hatari bado haijapita," nilisema. "Lakini huyu mama ametoka msituni kwa miguu yake, na wawili wake wamebaki huko. Nikisema msitu, hatasikia tena habari za mtoto huyu. Atasikia za wale."

Daktari alivuta kigoda, akakaa ili uso wake ulingane na wa Mama Solange, akasema polepole: homa inaweza kurudi kwa siku mbili zaidi, anywe maji kidogo kidogo, akianza kutetemeka tuitwe mara moja, lakini leo ana nafuu kuliko jana. Niliyatoa moja baada ya jingine. Mama Solange aliyarudia yote kwa sauti, akihesabu kwa vidole, ili asisahau. Homa ilirudi mara moja, tukaitwa upesi, na mtoto akapona. Kuhusu baba na kaka, sikupata kujua. Waliondoka Kashuga kabla ya habari yoyote kuja.

Tangu siku ile Daktari naye akawa mtu wa kuuliza. Alitaka kujua sisi tunasema vipi. Alikuwa ameanza kushika Kiswahili, neno hapa neno pale, na hapo ndipo nilipoona kwamba shimo nililotumbukia halikuchimbwa kwa Kiingereza tu. Mwanamke mmoja alimleta tate yake, babu mzee sana, akasema, "Huyu amekula chumvi mingi, Daktari." Kabla sijafungua mdomo, Daktari alikuwa amekwisha kushika "kula" na "chumvi". Akamfunga mzee kipimo cha presha na kuanza kueleza hatari za chumvi kwa moyo. Mzee alisikiliza kwa heshima.

"Kwani chumvi inatoka wapi?" aliniuliza. "Hata hatuna ya kutosha ku nyumba."

Nilimweleza Daktari kwamba maana yake ni kwamba mzee ameishi miaka mingi. Aliweka mkono usoni, akacheka mpaka mzee naye akacheka bila kujua kisa. Nilifurahi siku ile kwa namna ambayo sikuwa nimefurahi tangu Mpofi. Nilimuuliza mzee kwa nini tunasema hivyo, kwa nini chumvi na si unga. Alifikiri, akasema labda kwa sababu chumvi ni kitu kinacholiwa kila siku na hakuna anayekumbuka alivyokila. Niliandika jibu lake daftarini. Sijui kama ni la kweli.

Nilifanya kazi Kashuga mpaka magoti yalipokataa. Waliniaga kwa chakula na hotuba, nami nikaombwa kutafsiri hotuba ya kunisifu mimi mwenyewe. Nilifuata sheria, sikuongeza, ingawa nilikiri baadaye kwamba nilipunguza.

Sasa ninaishi kilimani kwetu, Masisi, na viazi na maharage yangu. Vijana huniambia kwamba simu inatafsiri kila kitu, na kazi yangu imekwisha. Huenda ni kweli. Lakini wiki chache zilizopita jirani yangu, Mama Zawadi, alikuja mbio, simu mkononi, analia. Mtoto wake wa kiume anaishi Ulaya na anafanya kazi kiwandani. Alikuwa hajapokea simu kwa siku mbili, na mwenzake wa kazi, mtu wa huko, ndiye aliyeandika ujumbe kwa Kiingereza. Simu iliutafsiri hivi: mtoto wako yuko chini ya hali ya hewa, atarudi juu ya miguu yake.

"Amelala inje, mu mvua," alisema Mama Zawadi. "Na miguu wamefanyia nini?"

Niliomba nione maneno yenyewe. "Mama Zawadi, kaa. Hayuko inje. Wanasema vile mutu akiwa mugonjwa kidogo. Na ile ya miguu ni kusema atapona, atasimama tena."

"Uko na hakika?"

Ningesema ndiyo. Nilikuwa na hakika. Lakini nilichukua simu, nikamwandikia yule mtu kwa Kiingereza cha ubaoni, bila mapambo: ni ugonjwa gani, yuko wapi, anakula? Tulikaa kwenye benchi tukingoja. Jibu lilikuja: mafua na homa, yuko chumbani kwake, amekula supu, amelala sasa. Nilimsomea mara mbili.

Mama Zawadi alipumua. Alijifuta uso, akakunja kitenge chake vizuri, na nilidhani atainuka aende. Akabaki ametazama bonde.

"Mama Feza," alisema, "juu ya nini hawasemi tu mugonjwa?"

Nilimwambia sijui. Nilimwambia nimeuliza maswali kama hayo miaka yangu yote ya kazi, na wenyewe pia hawajui.

Alifikiri. "Pengine nabo wanaogopa kuitaja," alisema.

Kisha akainuka, akaenda kupalilia maharage yake, maana jua lilikuwa bado halijawa kali.